Mtafute 1 Kwanza: Hotuba kwa Walimu wa Kwaya na Wapiga Vyombo

Hotuba hii niliitoa Dodoma, kwenye semina ya walimu wa kwaya na wapiga vyombo. Wengi mliokosa nauli au ruhusa ya kazini mmeiomba, kwa hiyo naiweka hapa yote kama ilivyosemwa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana wa vinanda na magitaa mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana leo nazungumza na ninyi zaidi.

Nianze kwa swali. Ni nani hapa amewahi kukaa kwenye kinanda, ibada inaendelea, mara mama mmoja katikati ya waumini akasimama na kuanzisha pambio bila kumtazama mtu yeyote? Nyosheni mikono. Naona karibu ukumbi mzima.

Na ulifanya nini? Ulianza kutafuta. Ukashusha sauti ya kinanda mpaka chini, ukabonyeza hapa, sipo. Ukabonyeza pale, sipo. Waumini wamepiga makofi, wamezunguka pambio mara ya pili, mara ya tatu, na wewe bado unatafuta. Ulipolipata, mchungaji akasema tukae.

Sasa nisikilizeni. Mama yule hakuhitaji kutafuta. Waumini waliomdakia hawakuhitaji kutafuta. Watoto wa Sunday school hawakuhitaji kutafuta. Watu mia mbili wamejua papo hapo wimbo umekaa wapi, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye kinanda. Kwa nini? Kwa sababu wale wote wanasikia kazi ya kila sauti ndani ya wimbo, na yeye amefundishwa mahali pa kuweka vidole. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo: tuwafundishe watu wetu kazi za sauti kwanza, na kazi hizo zina namba, kuanzia 1 mpaka 7.

Chukueni kitufe cha C. Kwenye ufunguo wa C, yaani wimbo ukiifanya C kuwa kituo chake, huyo ni 1. Hamia ufunguo wa F, C yule yule anakuwa 5. Kwenye ufunguo wa G anakuwa 4. Kwenye A flati anakuwa 3. Kwenye B flati anakuwa 2. Sauti haijapanda, haijashuka, lakini kazi yake imebadilika kabisa. Ni sawa na mtu mmoja ndani ya ukoo: huyu anamwita baba, yule anamwita mjomba, mwingine anamwita shemeji. Kikao cha mahari kikifika, jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake halikuambii atakaa upande gani wala atasema lini. Unauliza: huyu ni nani kwa bibi harusi? Herufi C ni jina la kwenye kitambulisho. Namba ndiyo inayokuambia undugu.

Na undugu huu unasikika. Hebu imbeni nami polepole: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7... Basi! Kaeni hapo hapo kwenye 7. Msiendelee.

(Hapa ukumbi ulishindwa kuvumilia. Sauti kadhaa ziliimba 1 ya juu zenyewe.)

Mmeona? Nani amewaambia mwende kwenye 1? Hakuna aliyewaambia. Sauti ya 7 inavutwa na 1 ya juu, kwa sababu kati yao kuna nusu hatua tu, yaani kutoka kitufe kimoja mpaka cha jirani kabisa. Sauti ya 4 nayo inavutwa kushuka kwenye 3 kwa sababu hiyo hiyo. Hizo nusu hatua mbili, 3 kwenda 4 na 7 kwenda 1, ndizo zinazoipa skeli ya meja, yaani huu mfululizo tuliouimba, sura yake. Nyingine zote ni hatua nzima.

Wapiga gitaa, hii mnaweza kuiona kwa macho. Shika waya mmoja tu, wowote, hata kama gitaa halijatyuniwa. Upige bila kubonyeza: hiyo ni 1. Kisha bonyeza freti ya 2, ya 4, ya 5, ya 7, ya 9, ya 11, na ya 12. Umepiga skeli nzima. Ukihamia waya mwingine, freti ni zile zile. Herufi zimebadilika zote, lakini sikio limesikia kitu kile kile. Kijana akifanya zoezi hili kila jioni huku akiimba namba kwa mdomo, akiimba kweli, si kuzifikiria tu, baada ya muda hatatafuta tena pambio. Atasikia mama anapotulia, aseme moyoni "hiyo ni 1," na vidole vifuate.

Wako wazee hapa wanaotikisa vichwa. Najua mnachotaka kusema: "Mwalimu, haya si mageni, sisi tuna solfa tangu enzi za wamisionari." Mna haki, na ninafurahi mmelisema. Do ni 1, re ni 2, mi ni 3, fa, so, la, ti. Mwalimu wa kwaya aliyejifunza solfa tayari anafikiri kwa kazi za sauti. Solfa hii tuliyoirithi ilianzia kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyetaka waumini wa kawaida waimbe vizuri kanisani. Mchungaji John Curwen akaichukua kwake, akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nayo Afrika, kwa sababu haikuhitaji chochote zaidi ya karatasi na wino.

Na tazameni ilichozaa. Mwaka 1897, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule ya misheni aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo kwa wanafunzi wake na kuuandika kwa solfa. Hakuandika nota za mistari mitano, aliandika herufi za solfa. Sauti za wimbo ule ndizo tunazosimama wima kuziimba Watanzania tunaposema Mungu ibariki Afrika. Wazambia wanaziimba kwa maneno yao. Waafrika Kusini wanazo ndani ya wimbo wao wa taifa. Kwa hiyo mtu yeyote akija kukuambia kwamba solfa ni muziki wa wasiosoma, mwambie wimbo wa taifa lako uliandikwa hivyo.

Basi kama tuna solfa, namba za nini?

Nitawapa kisa. Kwaya moja ya Kigoma ilimpata mpiga gitaa kutoka Bukavu, kijana fundi kwelikweli, mkono mwepesi. Siku ya mazoezi wimbo ulikuwa ufunguo wa D. Mwalimu wa kwaya akasema, "Tunaanzia so." Besi wakaimba A, maana kwenye ufunguo wa D, so ni A. Kijana wa Bukavu akapiga G kwa nguvu zote. Ikawa fujo. Mwalimu akarudia: so! Kijana akarudia: G! Mwalimu akaona kijana ni mkaidi, kijana akaona mwalimu hajui muziki, kumbe kuhusu so wote wawili walikuwa sahihi. Kongo imerithi shule ya muziki ya Wafaransa na Wabelgiji, na huko do ni C siku zote, re ni D, sol ni G, haihami. Sisi tumerithi ya Waingereza, ambayo do inahama na ufunguo. Sasa kwaya zetu za Kigoma, Bujumbura, Kigali, Nairobi zina watu wa pande zote mbili, na wanabadilishana wapigaji kila mwezi. Mzee mmoja wa kwaya ile alichukua chaki akaandika ubaoni: 5, 1, 4, 5, 1. Akasema, "1 ni D. Haya, tuimbe." Ugomvi ukaishia hapo. Namba haina Mfaransa wala Mwingereza.

Wala si jambo geni duniani. Mwaka 1742 kijana mmoja aitwaye Jean-Jacques Rousseau, yule aliyekuja kuwa mwanafalsafa mkubwa, alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris akapendekeza muziki uandikwe kwa namba 1 mpaka 7. Hawakumkubalia. Pingamizi zito lilitoka kwa mtunzi Rameau, na Rousseau mwenyewe alikiri kwamba lina nguvu. Rameau alisema: kwenye mistari, jicho linaona sauti zikipanda na kushuka, linaona umbo, kwenye namba, akili lazima isome moja baada ya nyingine, na muziki unakimbia.

Nataka vijana mlishike hilo, maana sikuja hapa kuwaambia mchome vitabu vya nota. Anayetaka kupiga kazi ngumu za ogani, mistari mitano haikwepeki. Rameau alikuwa sahihi kwa mpigaji anayesoma sauti kumi kwa mara moja. Lakini kwaya ya kijijini inaimba sauti nne, kwa mwendo wa binadamu, na wengi wataimba kwa kukariri. Kwao wao namba inatosha na kuzidi. Wachina wanaandika nyimbo zao kwa namba hadi leo: kitone juu ya namba kinaonyesha oktavu ya juu, kitone chini kinaonyesha oktavu ya chini, na mstari chini ya namba unaifanya iwe fupi. Indonesia, vitabu vya nyimbo za kanisa vimechapwa hivyo hivyo. Hao ni mamilioni ya watu wanaoimba kwa namba.

Na Wamarekani nao. Mjini Nashville, mwishoni mwa miaka ya 1950, Neal Matthews wa kundi la The Jordanaires, wale waliomwitikia Elvis Presley, alikuwa akiingia studio moja na kutoka kwenda nyingine, nyimbo mpya kila saa. Akaanza kuandika kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa namba badala ya herufi. Mpigaji mwingine, Charlie McCoy, akaona, akaichukua, na mji mzima ukafuata. Kwa nini? Kwa sababu mwimbaji akija na mafua akasema "leo nishushieni kidogo," hakuna haja ya kuandika karatasi upya. Karatasi inasema 1, 4, 5. Anayebadilika ni 1 tu.

Tukae sasa kwenye kodi, na hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoibiwa. Wanaambiwa kodi ni siri ya wataalamu. Wanauziwa karatasi yenye picha mia za vidole. Hakuna siri.

Kodi ni hivi: chukua moja, ruka moja, chukua, ruka, chukua. Basi. Kodi ya 1 ni 1, 3, 5. Kodi ya 4 ni 4, 6, na 1 ya juu. Kodi ya 5 ni 5, 7, 2. Sasa hesabuni nami sauti zilizomo katika hizo tatu. 1 imo. 2 imo. 3 imo. 4 imo. 5, 6, 7, zote zimo. Mnaelewa maana yake? Hakuna sauti ya skeli ambayo haina pa kukaa ndani ya kodi tatu. Ndiyo maana pambio lolote, tenzi lolote lisilotoka nje ya skeli, unaweza kulishikilia kwa 1, 4 na 5 peke yake. Sikilizeni sebene, ile sehemu ya kucheza ya rumba ya Kongo: mara nyingi ni hizo hizo tatu zinazunguka dakika nyingi, gitaa la ridhimu halitoki hapo, huku gitaa la solo likicheza sauti mbili mbili kwa pamoja, moja ikiwa ya tatu au ya sita kuhesabu kutoka kwa mwenzake, na ukumbi mzima umesimama.

Sasa swali ambalo kila mpiga kinanda ananiuliza: nitajuaje kodi gani iende wapi? Sikiliza sauti ya wimbo iko kwenye namba gani, halafu uulize imo ndani ya kodi zipi. Wimbo ukiwa kwenye 3, unaweza kuwa kodi ya 1, au ya 6, au ya 3. Ukiwa kwenye 1, ni kodi ya 1, au ya 4, au ya 6. Ukiwa kwenye 2, ni ya 5 au ya 2, na mara chache ya 7. Kila sauti ina kodi tatu zinazoipokea, si zaidi. Badala ya kubahatisha kati ya kodi zote za dunia, unabahatisha kati ya tatu, na sikio linachagua.

Na uchaguzi huo una uzito. Kuna kijana mmoja mpiga kinanda, alikuwa ametoka kujifunza kodi ya 6. Kodi ya 6 ni 6, 1, 3, na ni maina, yaani sauti yake ya katikati iko nusu hatua chini kuliko kwenye kodi ya meja kama ile ya 1. Tazameni: ina sauti mbili za kodi ya 1, na ina sauti mbili za kodi ya 4. Kwa hiyo inaweza kuingia karibu popote. Kijana akaipenda. Jumapili, mwisho wa wimbo wa kufungia ibada, waumini wakamaliza kwenye 1 kama kawaida, na yeye chini yao akaweka kodi ya 6. Haikuwa kosa la kisarufi. 1 imo ndani yake. Lakini mzee mmoja wa kanisa alimfuata pale pale akamwuliza, "Mwanangu, kwani nani amefariki?" Mzee yule hajui maina ni nini. Amesikia tu kwamba wimbo haujafika. Ukiweka 6 mahali watu wanapoingojea 1, unawaambia bado tunaendelea. Ni dawa nzuri sana ukitaka kurudia kiitikio mara nyingine. Ni dawa mbaya ukitaka watu waende nyumbani. Na kama unataka wimbo mzima ukae kwenye maina, basi ifanye 6 iwe ndiyo kituo. Wimbo wa taifa wa Kenya umekaa kwenye maina. Sauti zake zilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto, na bado una utukufu wa kusimamisha jeshi. Anayefundisha kwamba maina ni ya msibani tu hajawasikiliza Wakenya.

Kitu kingine, na hiki nataka walimu wa kwaya mkiandike. Mkono usiruke. Vijana wengi wanapiga kodi ya 1, halafu wananyanyua mkono mzima kwenda kutua kwenye 4, halafu wananyanyua tena kwenda 5. Inasikika kama kinanda kinakwama. Tazama namba: kutoka kodi ya 1 kwenda ya 4, sauti ya 1 imo kote kote, iache ilipo. 3 inapanda nusu hatua kuwa 4. 5 inapanda hatua moja kuwa 6. Kutoka kodi ya 1 kwenda ya 5, sauti ya 5 imo kote kote, iache. 3 inashuka kuwa 2. 1 inashuka nusu hatua kuwa 7. Vidole vimesogea kidogo sana, na wimbo umetiririka. Kwaya ni hivyo hivyo. Sauti ya pili na sauti ya tatu zinazopewa hatua ndogo zinajifunza wimbo jioni moja. Zinazorushwa huku na huku zinasahau kila wiki, halafu mwalimu anasema waimbaji wangu wagumu. Si wagumu. Umewaandikia njia ngumu.

Vijana, sasa nizungumze nanyi kuhusu kile kitufe. Mnakijua. Kitufe cha kuhamisha ufunguo. Wengi wenu mnapiga kila kitu kwenye C, na kinanda kinahamisha kwa niaba yenu. Sikikatazi, kimewaokoa wengi. Lakini nilikuwa kwenye harusi moja ambako umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Palikuwa na kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, kizima kabisa. Wimbo wa bibi harusi ulikuwa E flati. Kijana, ambaye kwenye kinanda chake cha umeme ni hodari, hakuweza kuanza. Wakakubaliana waimbe kwenye C. Besi walishuka hadi wakabaki wananguruma, na soprano waliofanya mazoezi miezi miwili hawakupata nafasi ya kung'aa. Sasa kijana yule angejua nini ili kuwaokoa? Vitu vitatu tu: kwenye E flati, 1 ni E flati, 4 ni A flati, 5 ni B flati. Wimbo wenyewe alikuwa anaujua kwa moyo. Angeujua kwa namba, vidole vyake vingekuwa na pa kwenda.

Ndugu zangu, nimesifu namba, na sasa lazima niseme zinapoishia. Tupo Dodoma, na ningekosa adabu nikizungumza muziki hapa bila kuwataja Wagogo.

Chukueni filimbi, au waya wa zeze, au sauti yenyewe ya asili inayotoka kwenye kitu kinachotetema. Ndani yake mna sauti nyingine nyembamba juu yake: inayotetema mara 2 zaidi, mara 3, mara 4, na kuendelea. Skeli ya Wagogo imekaa juu ya mitetemo hiyo, ule wa 4, wa 5, wa 6, wa 7, wa 8, wa 9. Wa 4, 5 na 6 mnazijua, zinaangukia karibu kabisa na 1, 3 na 5 zetu. Wa 8 ni 1 ya juu, wa 9 ni 2 yake. Lakini ule wa 7! Huo haumo kwenye kinanda chochote. Upo chini ya B flati, ukianzia C, kwa karibu theluthi moja ya nusu hatua. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliuimba na kuupiga kwenye ilimba, ile ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, mbele ya dunia nzima, na dunia ikanyamaza kusikiliza. Mwalimu wa kwaya anapochukua wimbo wa Kigogo na kumwambia mama wa Kigogo, "Hapo unaimba chini, panda kidogo ulingane na kinanda," nani amekosea? Mama ameimba sawasawa. Kinanda ndicho hakina sauti hiyo.

Na waimbaji wa Kigogo nao wanapanga sauti zao kwa kuruka hatua moja ya skeli yao. Chukua moja, ruka moja. Hawakujifunza hilo kwa mmisionari.

Nendeni Unguja. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu mwaka 1905, na taarabu yao inatumia maqamu, yaani skeli za Kiarabu. Ndani ya maqamu ya rasti, sauti ya tatu haiko kwenye 3 ya meja wala kwenye 3 ya maina, iko katikati. Fidla inaifikia. Udi unaifikia, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inaifikia. Kinanda cha kawaida hakifiki. Ukiandika 3 kwenye karatasi ya rasti, umeandika nusu ya ukweli, na nusu nyingine inabaki kwa fundi anayejua.

Kwa hiyo mnaporudi kwenye kwaya zenu, msianze na karatasi. Wiki ya kwanza, kabla ya mazoezi, waimbaji waimbe 1, 3, 5, 3, 1 kwa namba, kila mtu, hata wale wanaosema hawajui kuimba. Mwalimu anyooshe vidole: kidole kimoja, vitatu, vitano, nao waimbe anachoonyesha. Wakizoea, rusha: 1, 5, 1, 4, 3. Halafu 6. Halafu 7, na uwaache waning'inie hapo kidogo ndipo uwape 1. Mpiga kinanda asiguse kitufe mpaka aimbe. Chagueni pambio moja wanalolipenda sana, muulize kila mmoja: wimbo huu unaanzia namba ngapi? Unaishia namba ngapi? Kuna wanaoanzia 5, kuna wanaoanzia 3, kuna wanaoanzia 1, na mara nyingi mtakuta watoto wanajibu kabla ya wakubwa. Wakishalijua kwa namba, lipigeni kwenye C, kisha kwenye D, kisha kwenye E flati, siku hiyo hiyo. Usisubiri mwaka ujao.

Chai iko tayari, naona akina mama wa jikoni wananiangalia. Lakini kabla hatujatoka, simameni. Besi, nipeni 1, yoyote mnayoiona inawakaa vizuri. Sauti ya tatu, 5. Sauti ya pili, 3. Soprano, 1 ya juu. Shikilieni. Sasa nikinyoosha vidole vinne, besi pandeni mpaka 4, sauti ya tatu pandeni hatua moja mpaka 6, sauti ya pili nusu hatua tu mpaka 4, soprano kaeni mlipo. Vijana wa vinanda, mikono nyuma, sikilizeni kwanza. Tayari? Moja, mbili...